Mashine ya kadi zinazoongea kwa mtoto aliyechelewa kusema: inunuliwe au iachwe?

Ingia duka lolote la vitu vya watoto mjini Arusha au Moshi, eleza kwamba mwanao amefikisha miaka miwili na bado hasemi. Kuna uwezekano mkubwa utawekewa mezani kisanduku chenye mashine ndogo ya plastiki na pakiti za kadi za rangi. Unachomeka kadi ya ng'ombe kwenye tundu, mashine inataja jina kwa Kiingereza, kisha inalia kama ng'ombe. Utaambiwa inafundisha kuongea. Tathmini hii ni ya kifaa hicho, na inamhusu mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu ambaye maneno yanasuasua. Mtoto wa chekechea anayeongea vizuri na anaongeza Kiingereza atafaidika nacho, na huyo mnunulie bila wasiwasi. Huyu mdogo aliyechelewa, kwa namna mashine inavyotumika majumbani, hapati kitu kikubwa. Mara nyingine inamnyang'anya hata kile anachokihitaji zaidi, yaani mtu mzima anayeongea naye.

Seti inayopatikana zaidi ina kadi 112 zilizochapwa pande mbili, maneno 224. Zipo kubwa kuliko hiyo. Mashine inatosha kiganjani, inachajiwa kwa waya wa USB unaokuja nayo, na nyingi zina kitufe cha kurudia. Kadi zenyewe ni karatasi ngumu, wala si plastiki, na hapo ndipo udhaifu wa kwanza ulipo. Ukingo wa chini ndio unaosomwa. Mtoto wa umri huu hutia kila kitu mdomoni. Kadi ikilowa mate ukingo unavimba na kuachana matabaka, na baada ya hapo mashine ama inanyamaza ama inataja jina la kitu kingine kabisa. Kwa mtoto anayehangaika kuunganisha sauti na kitu, kuoneshwa mbwa huku anasikia jina la treni ni kumvuruga. Kadi iliyoanza kukosea itolewe kwenye mashine moja kwa moja. Kuilaminisha steshenari hakusaidii, kwa sababu ikinenepa haiingii tena kwenye tundu.

Sauti nayo ni ya wastani. Spika ni ndogo, rekodi imebanwa, na konsonanti laini kama s na f hutoka kwa shida. Mtu mzima anayejua neno tayari hajali, kwa kuwa masikio yake yanajaziliza. Mtoto hana cha kujazilizia.

Lakini tatizo kubwa liko kwenye maneno yenyewe. Tandaza kadi zote mkekani uzigawe mafungu mawili: kile ambacho mtoto wa Sakina au Majengo anaweza kukiona kwa macho yake wiki hii, na kile asichoweza. Fungu la pili huwa kubwa ajabu, limejaa dubu wa barafuni, panda, pengwini na matunda yasiyofika Soko la Kilombero. Halafu angalia aina ya maneno. Karibu yote ni majina: wanyama, magari, matunda, rangi, namba, maumbo. Hutakuta nipe, njoo, fungua, toka, hapana, imeisha, ingine. Hayo ndiyo maneno yanayompa mtoto nguvu nyumbani, kwa sababu akiyasema kitu kinatendeka. Na ndiyo yanayomwezesha kuunganisha maneno mawili, hatua inayofuata. Huwezi kujenga "mama fungua" kutokana na twiga na pembetatu. Kuhusu rangi na namba, mzazi wa mtoto wa miaka miwili asiyesema maji hana sababu ya kuumiza kichwa juu ya zambarau.

Wengi huuliza kama Kiingereza cha mashine kitamchanganya mtoto ambaye tayari anasikia Kichaga kwa bibi na Kiswahili kwa mama. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto kusema. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Tatizo la Kiingereza hiki ni kwamba kinaishia kwenye kadi. Hakuna mtu nyumbani atakayemwambia neno hilo wakati wa kuoga, wakati wa kula, au mbuzi anapopita. Neno linalosikika sehemu moja tu, kutoka kinywa kimoja tu, ni gumu kushika.

Kuna utafiti unaoeleza vizuri kinachotokea vifaa vinavyoongea vikiingia kati ya mzazi na mtoto. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alirekodi jozi 26 za wazazi na watoto wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwao, na matokeo yake yalichapishwa Desemba 2015. Wazazi walipocheza na vichezeo vya umeme, kama kompyuta ya mtoto na shamba linaloongea, walitamka maneno kama 40 kwa dakika. Kwa vichezeo vya kawaida walifika 56, na kwa vitabu 67. Watoto nao walitoa sauti chache zaidi kifaa kilipokuwa kinaongea kuliko walipokuwa na kitabu. Mashine ikishika usemi, mtu mzima hunyamaza bila kujua. Kwa mtoto aliyechelewa, ukimya huo ni hasara ya moja kwa moja.

Sasa, mtetezi wa mashine anaweza kusema: mtoto anahitaji kusikia neno mara nyingi, na mashine haichoki kurudia. Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa. Mary Alt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, wametengeneza tiba ya maneno kwa watoto wa miaka kama miwili waliochelewa, na msingi wake ni wingi wa kusikia. Katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2020, kila kipindi kilikuwa cha nusu saa. Baadhi ya watoto walifundishwa maneno matatu, kila moja likisikika mara 90. Wengine maneno sita, kila moja mara 45. Makundi yote mawili yalijifunza, bila tofauti kubwa kati yao. Mtoto hakulazimishwa kutamka chochote. Ila kuna nusu ya pili ambayo mashine haiwezi: neno lile lile lilisikika katika sentensi tofauti na kwa vitu tofauti. Kadi ikipitishwa mara 90 inatoa rekodi moja, kwa sauti moja, juu ya picha moja. Ina wingi, haina utofauti, na mtoto akiitikia kwa sauti yake, haimjibu.

Utofauti una kazi yake. Mtoto anayesikia kikombe kila mara kwa kikombe kile kile chekundu cha plastiki hana njia ya kujua kama kikombe ni chombo, ni wekundu, ni plastiki, au ni uji uliomo. Akisikia kikombe kwa cha bati, cha udongo, kidogo cha kahawa na kile cha baba chenye mpini uliovunjika, kinachobaki bila kubadilika ni chombo cha kunywea, na neno linatua hapo.

Hivi ndivyo kazi hiyo inavyofanyika nyumbani bila mashine yoyote. Chagua maneno matatu ambayo mtoto hajawahi kuyatamka lakini anakutana na mambo yake kila siku. Mchanganyiko mzuri ni jina moja, tendo moja na neno dogo moja: kikombe, fungua, imeisha. Nusu saa moja kwa mkupuo ni ngumu kwenye nyumba yenye kazi, kwa hiyo igawe dakika kumi wakati wa uji, kumi wakati wa kuoga, kumi jioni. Ndani ya dakika kumi kila neno lisikike mara 30, yaani maneno lengwa tisa kwa dakika. Inaonekana nyingi mpaka ujaribu: "Kikombe! Kikombe cha uji. Nani kachukua kikombe? Hiki kikombe kikubwa. Weka kikombe hapa." Hapo tayari ni mara tano, na robo dakika haijaisha. Weka karatasi na kalamu mbali na mtoto, upige alama. Usihesabu kwa punje za maharage wala shanga, maana zinaingia puani na kooni. Idadi hizo za Arizona zilifikiwa na wataalamu waliofunzwa, wakifundisha watoto wanaosikia Kiingereza. Mzazi anayefikia nusu yake kila siku anafanya kazi nzuri.

Kwa tendo, Kiswahili kina jambo lake. Fungua hubadilika kuwa amefungua, tufungue, sijafungua, na mtoto anapaswa kuisikia katika sura hizo zote. Lakini hakikisha angalau nusu ya mara zote inasikika kavu, peke yake au mwisho wa sentensi: "Mlango huu, fungua. Baba, fungua! Chupa imegoma, bibi, fungua." Fungua vitu tofauti kweli: kopo la sukari, mkoba, bomba, dirisha, geti. Vivyo hivyo imeisha: chai imeisha, sabuni imeisha, ndizi imeisha. Sauti isiwe ya kukariri. Iwe ya mtu mwenye jambo la kusema.

Mambo matatu huiharibu kazi hii mara nyingi. La kwanza ni "sema kikombe, sema, sema basi." Kwa mtoto anayeshindwa kutamka, mchezo unageuka mtihani, naye ananyamaza au anakimbia. La pili ni kumwaga maneno mfululizo bila kuacha nafasi. Kila baada ya sentensi chache nyamaza sekunde tano, umtazame usoni. Hata akitoa "kombe" au "be," hilo ni jibu, itikia, "Eeh, kikombe! Kikombe cha baba." Kukatika kwa silabi ya mwanzo ni kawaida kwa umri huu, usimsahihishe. La tatu ni kubadilisha maneno kila siku kwa sababu jana hakusema. Shikilia matatu yale yale wiki moja au mbili. Neno litoke kwenye orodha pale anapolisema mwenyewe, bila kuiga, mahali pawili au zaidi. Kabla ya hapo kuna dalili nyingine njema: anageuka kuangalia mlango ukisema fungua, au anakuletea kopo. Dada wa kazi naye afundishwe maneno ya wiki, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayeshinda na mtoto. Na televisheni isiyotazamwa na mtu izimwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili linaweka kikomo cha saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi.

Kama mashine umeshainunua, usiitupe. Toa kadi za vitu ambavyo mtoto anavijua au anaweza kuviona: ng'ombe, mbwa, kuku, gari, basi, ndizi, nanasi, kijiko, kitanda. Nyingine zifunge mpaka akikua. Zima mashine. Kadi ya ndizi ikae karibu na ndizi ya kweli, na ndizi mbivu, na mkungu kihambani (shamba la nyumbani), huku wewe ndiye unayesema, kwa lugha ya nyumbani. Kadi ziwe tano tu mezani. Zikiwa hamsini, mtoto anazimwaga na kuzitafuna, na ana haki. Epuka "hii ni nini?" kwa kila kadi, kwa mtoto asiye na neno, swali hilo halina jibu analoweza kutoa. Badala yake fanya jambo: kuku amejificha chini ya kitambaa, kuku yuko wapi, kuku huyu hapa.

Nikilinganisha na vingine vinavyouzwa, chati za picha za ukutani zinazotembezwa na machinga zina faida ya kuwa na Kiswahili na kuwa nafuu. Ubaya wake ni picha ndogo zilizobanana, ishirini au thelathini kwenye karatasi moja, na jicho la mtoto halijui litue wapi. Ikate kwa mkasi, chagua picha nane, zilaminishe, hapo inakuwa kitu. Vitabu vya kadibodi nene, hata vya mitumba kutoka soko la Memorial pale Moshi, ni bora kuliko mashine, hata kama maandishi ni ya Kijerumani. Maandishi hayamhusu mtoto, nawe utasema yako. Angalia tu kurasa zisiwe na kitu kidogo kinachong'oka. Vile vitabu vinavyoimba ukibonyeza huwa na betri ndogo za kidonge. Kama kifuniko chake hakina skrubu, usimpe. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili.

Ninachokipa alama za juu kuliko vyote hakiuzwi dukani kikiwa kimefungwa. Piga picha kwa simu: bibi, mbwa wenu, kikombe chake, viatu vyake, bodaboda ya mjomba, geti lenu. Zipeleke studio zikasafishwe, kumi au kumi na mbili, zilaminishe, toboa pembe, pitisha kamba. Hiki ni kitabu ambacho kila ukurasa wake mtoto anaujua tayari, na kazi pekee iliyobaki ni neno. Ongeza kikapu cha vitu halisi: vikombe vitatu visivyofanana, kijiko cha mbao na cha bati, kopo lenye mfuniko, mpira, gari dogo, mwanasesere, kipande cha kanga cha kufunikia. Baada ya wiki mbili badilisha nusu.

Sasa jambo ambalo halipaswi kusubiri ununuzi wowote. Mtoto wa miezi 24 mwenye maneno chini ya 50, au ambaye bado haunganishi maneno mawili kama "baba maji," anahesabiwa kuwa amechelewa. Kwenye kuhesabu, "muu" ya ng'ombe na "pii-pii" ya gari ni maneno, mradi anayatumia kwa kitu kile kile kila mara. Wengi wa watoto hawa huwafikia wenzao baadaye, ila si wote, na hakuna anayeweza kukuonesha kwa kidole yupi atafika mwenyewe. "Hata baba yake alichelewa" inasemwa kama faraja. Kwa kweli historia ya ukoo ni sababu ya kumfuatilia kwa karibu zaidi. Asiyenyoosha kidole kuonesha kitu wala kupiga porojo za "bababa" akiwa na mwaka mmoja apelekwe mapema. Aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, kwa umri wowote, apelekwe wiki hiyo hiyo.

Masikio yapimwe kwanza. Usaha unaojirudia au maji nyuma ya ngoma ya sikio humfanya mtoto asikie nusu nusu, akigeuka kwa mlio wa mlango lakini asipate tofauti kati ya pua na kua. Kugeuka anapoitwa hakutoshi kuwa kipimo. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyepata manjano kali baada ya kuzaliwa, au aliyetibiwa muda mrefu kwa sindano za gentamaisini apimwe hata kama anaonekana anasikia. Beba kadi yake ya kliniki na orodha ya maneno anayosema, uiandike nyumbani kwa siku kadhaa. Ukiwa Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Arusha unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Na tafadhali, kimeo kisikatwe. Kimeo hakina uhusiano wowote na mtoto kukosa maneno, na mkato wake huleta damu nyingi na maambukizi yanayoweza kuua. Ulimi uliofungwa chini nao unaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kuwa na maneno.

Kama baada ya haya yote bado unaitaka mashine, labda kwa ajili ya kaka yake wa miaka mitano, ijaribu hapo hapo dukani. Chomeka kadi kumi kutoka katikati ya pakiti, kila moja pande zote mbili, usikilize kama jina linalingana na picha. Kadi ile ile ichomeke mara tatu. Ikisema vitu viwili tofauti, msomaji wake ni mbovu. Tikisa mashine, isiwe na kitu kinachocheza ndani. Angalia kama ina kitufe cha kupunguza sauti, kwa sababu zisizokuwa nacho huwa kali mno karibu na sikio la mtoto. Mwambie muuzaji aichaji kidogo ukiwa hapo, maana tundu la chaji ndilo hulegea mapema. Hesabu kadi kabla ya kulipa. Ikizidi shilingi elfu thelathini, iache. Fedha hiyo inasafisha picha, inalaminisha, na inabaki ya nauli ya kwenda kupima masikio.